Mvua Katika Usiku wa Ncha ya Kaskazini

Tarehe 30 Januari 2012, katika kijiji cha Ny-Ålesund kilichoko visiwa vya Svalbard, nchi ya Norwei, ilinyesha mvua ya milimita 98 kwa siku moja. Kijiji hicho kiko kwenye latitudo ya 79 kaskazini, kilomita 1,200 hivi kutoka Ncha ya Kaskazini. Jua lilikuwa halijachomoza huko tangu mwishoni mwa Oktoba, wala halikutazamiwa kuonekana kabla ya katikati ya Februari. Mvua na theluji ya mahali hapo ya mwaka mzima, ikipimwa kama maji, hufikia milimita 400 hivi. Kwa hiyo karibu robo ya kiasi cha mwaka ilianguka kwa siku moja, tena katika kitovu cha majira ya baridi, tena ikiwa maji wala si theluji. Katika siku zile joto visiwani lilipanda mahali pengine hadi karibu nyuzi 7 za Sentigredi, ilhali wastani wa kale wa Januari na Februari katika eneo la Longyearbyen ulikuwa nyuzi 15 hivi chini ya sifuri.

Habari hiyo inazua swali ambalo mwanafunzi yeyote mwerevu atauliza. Ikiwa jua halikuwapo, joto hilo lilitoka wapi? Jibu lake ni funzo kubwa la sayansi. Kwa bahati mbaya, ni funzo ambalo aghalabu hupitwa kwa haraka darasani, na upungufu huo hauna budi kurekebishwa.

Jibu la vitabuni na upungufu wake

Mwanafunzi akiulizwa kwa nini nchi za ncha ni baridi, hujibu kwamba miale ya jua huangukia huko kwa mshazari, na kwamba wakati wa majira ya baridi haifiki kabisa. Jibu hilo ni sahihi, na mwalimu hutia alama ya vema. Lakini likichukuliwa peke yake lingemaanisha kwamba katika usiku ule wa miezi mitatu au minne joto lingeendelea kushuka siku hata siku, bila kituo, mpaka jua lirudi. Haliwi hivyo. Ardhi na barafu ya ncha hupoteza joto kwenda angani kila saa, na sehemu kubwa ya hasara hiyo hufidiwa kwa joto linaloletwa kutoka mbali.

Wachukuzi wa joto hilo ni wawili: bahari na hewa. Mkondo wa maji yenye uvuguvugu kutoka Atlantiki hufika mpaka pwani ya magharibi ya Svalbard, na ndio sababu pwani hiyo si baridi kama sehemu nyingine za latitudo ile ile. Lakini bahari ni mchukuzi wa mwendo wa pole. Haiwezi kupandisha joto la nchi kwa nyuzi 20 katika siku moja au mbili. Joto linalokuja kwa ghafla namna ile huletwa na hewa, na katika hewa yenyewe, mzigo mkubwa hubebwa na mvuke wa maji.

Joto lililojificha ndani ya mvuke

Kila mpishi hujua kwamba mvuke wa sufuria inayochemka huunguza mkono vibaya kuliko hewa kavu ya tanuri, hata kama hewa hiyo ina joto la kiasi kile kile. Mpishi hana haja ya kueleza sababu. Mwanafunzi wa fizikia anayo. Maji yanapogeuka kuwa mvuke humeza joto jingi bila kupanda joto lenyewe. Joto hilo halipotei. Hukaa limejificha ndani ya mvuke, na siku mvuke unapogeuka tena kuwa matone, hutolewa lote. Joseph Black, mwanasayansi wa Uskoti, ndiye aliyelifafanua jambo hili katika miaka ya 1760, na joto hilo likaitwa joto fiche.

Tarakimu zake zinastaajabisha. Kilo moja ya maji ikigeuka mvuke katika halijoto ya kawaida humeza jouli milioni 2.5 hivi. Kuyeyusha kilo moja ya barafu iliyo kwenye nyuzi sifuri huhitaji jouli 334,000. Kwa hiyo kilo moja ya mvuke, inapogeuka kuwa maji, hutoa joto la kutosha kuyeyusha zaidi ya kilo 7 za barafu.

Na sasa mwanafunzi aichukue mvua ile ya Ny-Ålesund aipige hesabu. Milimita 98 za mvua ni sawa na kilo 98 za maji kwa kila mita moja ya mraba. Kabla ya kuanguka, maji hayo yalikuwa mvuke. Yalipogeuka kuwa matone yalitoa jouli milioni 245, yaani joto kama la kuunguza kilo 8 hivi za makaa juu ya kila mita ya mraba ya ardhi. Joto hilo halikutolewa ardhini bali angani, mawingu yalipokuwa yakiumbika, na sehemu yake ilitolewa hewa ilipokuwa ikipandishwa na milima. Hata hivyo ndilo lililoiwezesha hewa ile kubaki na uvuguvugu katika nchi isiyo na jua.

Hesabu ya pili ni ya maji yenyewe baada ya kuanguka. Tuseme matone yalifika ardhini yakiwa na nyuzi 4. Kilo 98 za maji hayo, zikipoa mpaka sifuri, hutoa jouli milioni 1.6 tu, joto lisilotosha kuyeyusha kilo 5 za barafu. Watu wengi hudhani kwamba mvua huyeyusha theluji kwa sababu maji yake ni ya uvuguvugu. Hesabu inaonyesha kwamba uvuguvugu wa maji ni kitu kidogo mno ukilinganishwa na joto lililotolewa wakati mvuke ulipokuwa ukigeuka maji. Nguvu haikuwa katika tone bali katika safari ya mvuke.

Mito isiyoonekana

Mvuke huo hausafiri kwa kutawanyika sawasawa juu ya dunia. Katika miaka ya 1990 wataalamu Reginald Newell na Yong Zhu wa Massachusetts, Marekani, walionyesha kwamba sehemu kubwa sana ya mvuke uendao kwenye ncha hupita katika njia chache ndefu na nyembamba. Katika latitudo za kati njia hizo hazichukui hata sehemu moja ya kumi ya mzingo wa dunia, lakini hupitisha zaidi ya asilimia 90 ya mvuke uelekeao kwenye ncha. Zikaitwa mito ya angani. Jina hilo halikutiwa chumvi, kwa kuwa mto mmoja mkubwa wa namna hiyo waweza kubeba maji mengi kama yale yamwagwayo baharini na Mto Amazon.

Yafaa kuondoa dhana moja potofu. Si kwamba tone lililotoka kwenye bahari ya tropiki ndilo lile lile liangukalo Svalbard. Njiani mvuke hunyesha na mwingine huingia, na sehemu kubwa ya unyevu ufikao Aktiki hutoka katika bahari za latitudo za kati, hasa Atlantiki ya Kaskazini, na wakati mwingine katika maji ya karibu zaidi yasiyo na barafu.

Ili mto wa angani ufike mbali kaskazini, hali ya kanieneo ya hewa haina budi kuufungulia njia. Eneo la kanieneo kubwa likituama juu ya Skandinavia na kaskazini ya Urusi, na dhoruba za kanieneo ndogo zikawa upande wa Greenland, mlango hufunguka katikati yake, na hewa yenye mvuke hupita kuelekea kaskazini siku nyingi mfululizo.

Ifikapo kwenye ncha, hewa hiyo huleta mabadiliko mawili. La kwanza ni lile la joto fiche. La pili ni la mawingu. Katika usiku mkavu usio na wingu, ardhi ya theluji hutoa joto lake moja kwa moja kwenda juu, na hewa baridi hutuama chini kama maji ndani ya bakuli, huku hewa iliyo juu yake ikiwa na joto zaidi. Wingu na mvuke vikiingia, hulizuia joto lipotealo na kulirudisha chini, kama blanketi lilivyo juu ya mtu aliyelala. Katika nchi zenye jua, wingu aghalabu huleta ubaridi mchana kwa kulikinga jua. Katika usiku wa ncha hakuna jua la kukingwa. Wingu hubaki na kazi moja tu, nayo ni kutia joto. Ni mfano mzuri wa jinsi kitu kimoja katika maumbile kinavyotenda kinyume mahali pawili kwa sheria zile zile.

Matukio ya namna hii hayakutokea Svalbard peke yake. Katika siku za mwisho za Desemba 2015, dhoruba kubwa ya Atlantiki ilisukuma hewa ya uvuguvugu mpaka karibu na Ncha ya Kaskazini yenyewe, na chombo kimoja kieleacho juu ya barafu kikapima joto lililozidi kidogo sifuri, mahali ambapo wakati huo hutazamiwa nyuzi 25 au zaidi chini ya sifuri.

Katika kizio cha kusini, mto wa angani wenye nguvu kuliko yote iliyopata kuonekana juu ya Antaktika Mashariki uliingia bara hilo kati ya tarehe 15 na 19 Machi 2022, wakati ambapo huko baridi kali huwa imeanza kuingia. Kituo cha Concordia, kilichoko zaidi ya mita 3,200 juu ya usawa wa bahari, kilipima nyuzi 9.4 chini ya sifuri tarehe 18. Kwa mtu wa Mombasa hiyo ni baridi isiyovumilika; kwa Concordia ilikuwa ni joto lisilopata kupimwa tangu kituo kilipoanza. Sehemu nyingi za Antaktika Mashariki zilizidi joto la kawaida kwa nyuzi 30 hadi 40, na eneo la kilomita za mraba milioni 3.3, yaani kama Tanzania tatu na nusu, lilivunja rekodi zake za mwezi wa Machi. Pwani ilinyesha mvua. Rafu ya barafu ya Conger, yenye kilomita za mraba 1,200 hivi, ambayo tayari ilikuwa imedhoofika kwa miaka mingi, ilivunjika katika siku hizo hizo.

Haki inadai upande wa pili nao usemwe. Mto ule ule ulimwaga theluji nyingi sana ndani ya bara, na kwa jumla theluji iliyoongezeka juu ya Antaktika ilizidi barafu iliyoyeyuka juu yake katika siku hizo. Mwalimu asiyeeleza hayo atakuwa amefundisha hofu badala ya sayansi. Mvuke huleta theluji au mvua kwa kutegemea upande upi wa nyuzi sifuri hewa imesimama, na tofauti ya nyuzi chache hapo hubadili kila kitu.

Jinsi wastani unavyoficha habari

Hapa ndipo lilipo jambo lenye uzito kuliko yote. Vitabu vya shule huieleza tabia ya nchi kwa jedwali la wastani wa kila mwezi. Jedwali hilo lina manufaa, lakini lina kasoro yake, na nchi za ncha huidhihirisha wazi.

Chukua mfano wa kubuni wa mwezi wa siku 30. Siku 28 zina nyuzi 15 chini ya sifuri, na siku 2 zina nyuzi 4 juu ya sifuri pamoja na mvua. Wastani wa mwezi huo ni nyuzi 13.7 chini ya sifuri. Msomaji wa jedwali ataona kwamba mwezi ulipata joto kidogo zaidi, nyuzi moja na kitu, naye ataendelea na safari yake. Lakini katika siku zile mbili maji yalipenya theluji mpaka chini, na baridi iliporudi yakaganda yakawa bamba gumu juu ya nyasi na kuvu. Mnyama achimbuaye chakula chake chini ya theluji kwa kwato zake hawezi kulivunja bamba hilo.

Ndivyo ilivyokuwa Svalbard mwaka 2012. Kulungu wa kaskazini, wanyama wenye pembe za matawi, walifungiwa malisho yao na barafu, na wengi wakafa kwa njaa. Kwenye rasi ya Yamal, kaskazini ya Urusi, ambako Wanenetsi huishi kwa kufuga kulungu hao na kuhama nao, mvua ilinyesha juu ya theluji mwezi wa Novemba 2013, kisha baridi kali ikafuata. Kulungu wapatao 61,000 walikufa kwa njaa katika majira hayo ya baridi. Kwa mfugaji wa Yamal, kama ilivyo kwa mfugaji wa Kimasai au Kiturkana, mifugo ndiyo chakula, mahari, akiba na heshima. Aliyepoteza kundi lake hakuuawa na wastani. Aliangushwa na siku moja.

Tukio la tatu linagusa hata mashamba ya Afrika. Karibu na mji wa Longyearbyen, ndani ya mlima wa ardhi iliyoganda daima, ilifunguliwa mwaka 2008 ghala ya dunia ya kuhifadhi mbegu. Mataifa mengi yameweka humo akiba ya mbegu zao, zikiwamo zilizotumwa kutoka Kenya, ili zikipotea nyumbani kwa vita, moto au maradhi ziweze kurudishwa. Mahali hapo palichaguliwa kwa sababu baridi yake ilidhaniwa ni mlinzi asiyelala. Mwezi wa Oktoba 2016, mvua nyingi na uvuguvugu usio wa kawaida vilifanya maji yaingie kwenye njia ya mlango wa ghala na kuganda humo. Mbegu hazikudhurika, na baadaye njia hiyo ilijengwa upya isipitishe maji. Lakini funzo lilibaki: walinzi wa hazina hiyo waliijua baridi ya mahali pale, ila mvua haikuwa katika hesabu.

Yapasayo kufundishwa

Yawezekana kudaiwa kwamba mambo haya ni ya mbali, na kwamba mwanafunzi wa Dodoma au Kitui ana ya kujifunza yaliyo karibu zaidi. Dai hilo halina nguvu, kwa sababu tatu.

Kwanza, sheria ya maumbile ni moja. Hewa ikipanda joto kwa nyuzi moja, huweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi. Sheria hiyo haichagui latitudo. Aktiki imekuwa ikipanda joto tangu 1979 kwa kasi inayokaribia mara nne ya wastani wa dunia, na kwa hiyo mvuke ulioanguka zamani kama theluji waweza leo kuanguka kama mvua. Katika Afrika Mashariki sheria hiyo hiyo huongeza maji yawezayo kumwagwa na wingu moja kwa mchana mmoja.

Pili, anga halina mipaka. Wataalamu waliochunguza joto la Antaktika la Machi 2022 waliona kwamba chanzo chake kimojawapo kilikuwa mawingu makubwa ya mvua juu ya tropiki ya Bahari ya Hindi, yaliyosukuma mawimbi katika hewa ya juu mpaka kusini kabisa. Ni katika kipindi hicho hicho ambapo tufani iitwayo Gombe iliipiga pwani ya Nampula, nchini Msumbiji, tarehe 11 Machi. Bahari inayoleta masika pwani ya Afrika Mashariki ni bahari ile ile inayoweza kutingisha hewa ya ncha.

Tatu, kasoro ya wastani ipo hata nyumbani. Mkulima aliyepata milimita 120 za mvua katika mwezi mmoja, zikigawanyika katika siku 12, amepata mavuno. Jirani aliyepata milimita hizo hizo kwa siku 2 amepata mafuriko na udongo uliochukuliwa, kisha ukame. Jedwali la mwezi huwaandika wote wawili kwa tarakimu moja.

Kwa hiyo somo la tabia ya nchi lisiishie kwenye latitudo na wastani. Kila shule yenye kipimo cha mvua na kipimajoto yafaa iandike vipimo vyake siku kwa siku, na daftari hilo litunzwe mwaka hata mwaka badala ya kutupwa baada ya wastani kupatikana. Wanafunzi watafute humo siku yenye mvua nyingi kuliko zote, siku yenye joto kubwa kuliko zote, na idadi ya siku kavu zilizofuatana. Mwalimu wa fizikia na mwalimu wa jiografia wakutane kwenye somo la joto fiche, ambalo mara nyingi hufundishwa na mmoja kana kwamba linahusu birika tu, na mwingine kana kwamba mvua haina fizikia. Hesabu ya kilo 98 za maji na kilo 8 za makaa haihitaji maabara yoyote. Inahitaji ubao na chaki.

Wahenga walisema kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Mvua ya siku moja katika usiku wa miezi mitatu ni mwiba mdogo sana ndani ya jedwali la mwaka. Kulungu wa Svalbard na wafugaji wa Yamal waliukanyaga. Kijana anayejifunza leo kupima mvua nyuma ya darasa lake anapaswa kufundishwa kuuona mwiba huo ungali ndani ya tarakimu, kabla haujaingia mguuni.